Kifafa cha Utotoni na Dawa za Mama Mjamzito: Historia Mbili za Utafiti Zisizokutana Gitaza

Barabara ya Taifa Namba 3, itokayo Bujumbura kwenda Rumonge, hupita Gitaza katika tarafa ya Muhuta ikiwa imebanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Mtoto aangukaye na kukakamaa husemwa kwa Kirundi kuwa ana intandara. Kwa Kiswahili, ana kifafa. Katika maandishi ya kitabibu, neno huwa la Kifaransa: épilepsie. Maneno haya matatu hayabebi mzigo mmoja. Mawili ya kwanza ni ya watu waliomwona mtoto akianguka. La tatu ni la mtu anayepaswa kuandika dawa.

Makala haya yanafuatilia historia mbili za utafiti. Ya kwanza iliuliza kwa nini watoto wa Afrika Mashariki wanapata kifafa. Ya pili, iliyofanyika zaidi Ulaya na Marekani, iliuliza dawa za kifafa anazomeza mama humfanya nini mtoto aliye tumboni. Inadaiwa hapa kwamba historia hizo zimekwenda sambamba bila kukutana, na kwamba pengo lililo kati yake humwangukia mtu mmoja mahususi: mwanamke aliyepata kifafa utotoni, akapewa dawa, akakua, akashika mimba.

Majina ya ugonjwa

Kifafa huhusishwa mara nyingi na kitenzi kufa, kana kwamba aangukaye amekufa kidogo na kurudi. Degedege, kwa upande wake, hutajwa pamoja na dege, ndege mkubwa ambaye imani za pwani zilimfanya kuwa chanzo cha mtukutiko wa mtoto mchanga. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 kuhusu Bagamoyo ulionyesha kwamba wazazi walilitambua degedege kuwa ugonjwa unaojitegemea, wenye tiba zake za kienyeji, hata pale ambapo daktari angeona malaria kali. Wataalamu wa afya walilichukulia jambo hilo kama kosa la kurekebishwa. Hukumu hiyo ilikuwa ya haraka. Mzazi aliyetenganisha degedege na homa ya kawaida alikuwa ameona jambo la kweli: kwamba homa hii ni ya aina nyingine. Kazi za watafiti wa Kilifi, nchini Kenya, zilikuja kuonyesha kuwa baadhi ya watoto wanaonusurika malaria ya ubongo hupata kifafa baadaye. Lugha iliyatenga maradhi mawili ambayo mwili huweza kuyaunganisha, lakini haikuwa imeyabuni.

Mahenge, Bururi, Kiremba

Historia ya kwanza ina mahali pa kuanzia panapojulikana. Mwaka 1960, huko Mahenge, kusini mwa Tanganyika, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alianzisha kliniki ya kifafa miongoni mwa Wapogoro. Alikuta wagonjwa waliotengwa, wengi wakiwa na makovu ya moto, kwa kuwa watu waliogopa kumgusa aliyeanguka wakidhani ugonjwa huambukiza. Dawa yake kuu ilikuwa fenobabitali, ambayo Alfred Hauptmann alikuwa ameonyesha nguvu zake dhidi ya kifafa mwaka 1912, na ambayo hadi leo ndiyo dawa ya bei nafuu kuliko zote za ugonjwa huu. Aliandika pia juu ya watoto waliosinzia kwa kutikisa kichwa, hali iliyokuja kutambuliwa miongo kadhaa baadaye kuwa ugonjwa wa kutikisa kichwa unaojulikana pia kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini. Mwaka 1992, Henry Rwiza na wenzake walichapisha hesabu ya wilaya hiyohiyo ya Ulanga: katika watu wapatao 18,000, watu 10.2 kwa kila 1,000 walikuwa na kifafa.

Nchini Burundi, utafiti ulifanyika wakati taifa likiwa vitani. Mwaka 1997 E. D. Newell na wenzake walichapisha kazi juu ya ugonjwa wa usubi katika mkoa wa Bururi, kisha nyingine iliyolinganisha kifafa na kudumaa kwa watoto katika maeneo mawili ya nchi yenye viwango tofauti vya usubi. Mwaka huohuo walichapisha matokeo juu ya mabuu ya tegu wa nguruwe kwa wagonjwa wa kifafa na jamaa zao. Mwaka 2003, Georges Nsengiyumva na wenzake walionyesha kutoka Kiremba, mkoani Ngozi, kwamba maambukizi ya mabuu hayo ni miongoni mwa sababu kubwa za kifafa nchini. Ni kazi za kuheshimiwa, na sera ya kinga inapaswa kuzitegemea.

Jambo moja la kiutawala linahitaji kutajwa kwa washauri wa sera wanaosoma takwimu hizo leo. Hadi mwaka 2015, tarafa ya Rumonge ilikuwa ndani ya mkoa wa Bururi, ilhali Muhuta, pamoja na Gitaza, ilikuwa katika mkoa wa Bujumbura Vijijini. Mkoa wa Rumonge uliundwa mwaka huo kwa kukata vipande vya mikoa yote miwili. Anayenukuu takwimu za "Bururi" za mwaka 1997 kama takwimu za mwambao wote anaiweka Gitaza mahali ambapo haikuwapo.

Katika historia hii yote, mama huonekana kwa namna moja tu. Uchunguzi mkubwa wa mwaka 2013, uliojumuisha Kilifi, Ifakara na Iganga-Mayuge, ulitaja matatizo ya ujauzito na ya kujifungua miongoni mwa vihatarishi vya kifafa kwa watoto. Mama ni mlango ambao madhara hupitia wakati wa uchungu. Kwamba yeye mwenyewe huenda ni mgonjwa wa kifafa, mwenye vidonge ndani ya kanga, halikuwa swali la tafiti hizo.

Lyon na baada yake

Swali hilo liliulizwa kwingine. Mwaka 1968 daktari wa Kiingereza, Roy Meadow, aliandika katika jarida la Lancet juu ya watoto waliozaliwa na midomo na kaakaa zilizopasuka, ambao mama zao walitumia dawa za kifafa. Mwaka mmoja kabla, Ufaransa ilikuwa imeruhusu valproati, iliyouzwa kwa jina la Dépakine. Mwaka 1982 onyo lilitoka Lyon: Élisabeth Robert aliona kwamba miongoni mwa watoto waliozaliwa na mgongo wazi, waliotokana na mama wanaotumia valproati walizidi kiasi kilichotarajiwa. Aliliona kwa sababu kulikuwa na daftari la kasoro za kuzaliwa, na mtu wa kulisoma. Pasipo daftari, kila mtoto wa namna hiyo hubaki msiba wa nyumba moja.

Madhara kwa akili yalichukua muda mrefu zaidi kuthibitishwa, kwa kuwa hayaonekani siku ya kuzaliwa. Utafiti wa NEAD, ulioandikisha wajawazito Marekani na Uingereza kuanzia 1999 hadi 2004, ulichapisha mwaka 2013 vipimo vya watoto waliofikia miaka 6. Wastani wa kipimo cha akili ulikuwa 97 kwa waliokutana na valproati tumboni, 105 kwa kabamazepini, na 108 kwa lamotrijini na fenitoini. Kutoka onyo la Lyon hadi matokeo hayo ni miaka 31. Nchini Ufaransa kwenyewe, familia zilihitaji kuunda chama chao, APESAC, mwaka 2011, ili jambo lisikike. Mwaka 2018, daftari la kimataifa la EURAP lilitoa viwango vya kasoro kubwa za kuzaliwa: valproati asilimia 10.3, fenobabitali 6.5, lamotrijini 2.9, levetirasetamu 2.8. Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri valproati isitumiwe kwa wasichana na wanawake wenye uwezo wa kuzaa, na mwaka huo levetirasetamu ikaingia katika orodha yake ya dawa muhimu.

Takwimu ya fenobabitali ndiyo inayoigusa Gitaza, kwa sababu ya bei yake. Mjadala wa Ulaya ulijengwa juu ya valproati kwa kuwa nchi hizo zilikuwa na dawa mbadala dukani. Onyo lile likichukuliwa lilivyo, laweza kumtoa mwanamke wa mwambao kwenye Dépakine na kumrudisha kwenye Gardénal, yaani fenobabitali, ambayo ina hatari yake yenyewe, huku akiamini kwamba sasa yu salama.

Sentensi ya kumwambia mama

Sera nayo ina mpaka wake. Mei 2006 Burundi ilitangaza matibabu bure kwa watoto walio chini ya miaka 5 na kwa wanawake wanaojifungua. Ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo, mtoto anayeanza kuanguka akiwa na miaka 7 hayumo ndani ya mpaka huo, na watoto wa NEAD walipimwa wakiwa na miaka 6. Umri ambao madhara ya dawa huonekana darasani ni umri ambao tangazo lile halikuutaja.

Lakini tatizo lililo karibu zaidi na kazi ya wanaisimu ni la maneno. Kuacha fenobabitali ghafla kunaweza kuleta mianguko isiyokatika, ambayo huua. Na huku ni mwambao, ambako kuanguka kando ya maji au ya jiko kunatosha. Kwa hiyo sentensi "dawa hii humdhuru mtoto", ingawa ni ya kweli, inaweza kumwua mama na mtoto pamoja. Tangu 2017 maboksi ya valproati nchini Ufaransa yana picha ya mjamzito iliyokatwa kwa mstari. Picha hiyo ilichorwa kwa mwanamke mwenye daktari wa kumpigia simu kesho yake. Asiye na daktari huyo ataisoma kama amri ya kutupa vidonge.

Onyo la Kiswahili na la Kirundi linapaswa kuanza na katazo la kuacha dawa, kisha agizo la kurudi kituoni kabla ya kushika mimba, na hatari kwa mtoto itajwe mwisho. Uteuzi wa maneno nao si mdogo. "Kasoro" huelekea kumlaumu aliyezaa. "Taahira" ni tusi. "Kuchelewa kujifunza" ni karibu zaidi na kile NEAD ilichopima, na mwalimu wa darasa la kwanza hulielewa bila kufasiriwa. Kiswahili cha Rumonge pia si kile cha Dar es Salaam, kwa hiyo rasimu yoyote ijaribiwe kwanza kwa kusomwa kwa sauti sokoni Rumonge na mwaloni Gitaza, mbele ya wanawake ambao wengi wao husikia Kirundi kwanza, na kila mmoja aulizwe swali moja: baada ya kusikia haya, kesho asubuhi utameza kidonge au hutakimeza?