Mtoto wa Kupakatwa Katika Safari za Anga

Tangu zamani za kale mtoto mdogo hakuhesabiwa msafiri. Katika misafara ya bara alielekwa mgongoni, katika jahazi alilazwa mkekani miongoni mwa vifurushi, na popote mama alipokwenda naye alikwenda, pasipo nauli wala hati. Desturi hiyo ilikuwa na maana yake. Mbeleko ilifanywa kwa kipimo cha mama na mwana, na mwendo wa miguu au wa tanga ulikuwa mwendo ambao mwili wa mtoto waweza kuuvumilia. Wanadamu walipopata ndege waliichukua desturi hii wakaipandisha angani bila ya kuihoji. Taabu nyingi zilizowapata wazazi waliosafiri na watoto kwenda ng'ambo kwa muda wa karibu miaka mia moja zimetoka hapo: chombo kilifanywa kwa kipimo cha mtu mzima, na mtoto akaingizwa ndani yake kana kwamba ni sehemu ya mavazi ya mama yake.

Njia ya ndege baina ya London na Afrika Mashariki ilifunguliwa na shirika la Imperial Airways mwaka 1931, ikipita Misri na Sudan hata Mwanza. Mwaka 1932 ikafikishwa Cape Town. Safari ilichukua siku nyingi. Ndege za wakati ule ziliruka chini, ndani ya hewa inayotibuliwa na joto la mchana, na abiria waliyumbishwa hata wakatapika. Walakini palikuwa na faraja moja, nayo ni kuwa jioni ndege ilitua na msafiri akalala kitandani. Mwaka 1937 ndege za bahari zilipoanza kutua Kisumu na Mombasa, wasafiri walipata hata mahali pa kusimama na kutembea karibu na madirisha. Mtoto aliyeanza kusimama dede aliweza kuweka miguu chini. Baada ya hapo, kadiri mwendo ulivyozidi, ndivyo nafasi hiyo ilivyopungua.

Tarehe 2 Mei 1952 ndege iitwayo Comet, ya kwanza ya jeti kuchukua abiria wa nauli, iliondoka London kwenda Johannesburg. Ilitua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, na safari nzima ikaisha kwa muda usiotimia saa 24. Ndege za namna hii huruka juu mno, na kwa hiyo hewa ya ndani hushindiliwa ili abiria apate kupumua kama aliye juu ya mlima wa kiasi cha mita 1,800 hadi 2,400. Ndege ishukapo, shinikizo la hewa huongezeka upesi, nalo husukuma ngoma ya sikio. Mtu mzima humeza mate au hupiga miayo, na mrija mwembamba uunganishao sikio na koo ukafunguka, maumivu yakaisha. Mrija wa mtoto ni mwembamba zaidi na umelala zaidi, wala mwenyewe hajui kuwa yampasa ameze. Hujua kulia tu. Kwa miaka mingi kilio kile kilihesabiwa kuwa utovu wa malezi, na mama akaona haya mbele ya wageni waliomgeuzia macho, kumbe mtoto alikuwa akitoa habari ya kweli juu ya chombo alichopandishwa. Dawa iliyoonekana kufaa ni ile ile ya mama wa kale: apewe titi au chupa wakati wa kushuka, maana anyonyaye humeza.

Mashirika ya ndege nayo yalijaribu kumtafutia mtoto mahali pa kulala. Katika miaka ya 1950 baadhi ya ndege za safari ndefu zilikuwa na vitanda vidogo vilivyotundikwa kwenye rafu ya mizigo, juu ya vichwa vya wazazi. Baadaye kitanda kiliteremshwa kikabandikwa ukutani mbele ya kiti cha mama. Msaada huu ulikuwa mzuri, ila ulimfaa mtoto mchanga ambaye bado hajaweza kuketi. Desturi ya nauli, kwa upande wake, ilimhesabu kuwa mtoto wa kupakatwa mpaka atimize miaka miwili, naye katika safari za ng'ambo hutozwa kwa kawaida sehemu moja katika kumi ya nauli ya mtu mzima. Hivyo mtoto wa miezi kumi na minane hubaki katikati. Kitanda kimemshinda kwa udogo, na kiti hakupewa. Umri huo ndio umri wa kutaka kutembea, na ndege ndiyo mahali pasipo pa kutembea. Mzazi aliyempakata usiku kucha, kutoka Nairobi hata Ulaya, hufika akiwa na mikono iliyokufa ganzi na nguo zilizomwagikiwa maziwa.

Taabu nyingine zilizaa maarifa. Owen Maclaren, mhandisi Mwingereza aliyewahi kushughulika na magurudumu ya ndege ya vita ya Spitfire, aliona mashaka ya binti yake aliyekuja kumtembelea kutoka ng'ambo, akiwa na mtoto na kigari kizito kisichochukulika. Mwaka 1965 aliomba hataza ya kigari cha mabomba ya aluminiamu, chenye uzito usiofika kilo 3, kinachokunjwa mithili ya mwavuli. Elimu iliyopatikana kwa kukunja magurudumu ya ndege ilirudi ikamtumikia mtoto wa msafiri. Ni mfano mwema, kwa sababu mtu mmoja aliitazama taabu ya mzazi akaona kosa katika chombo, wala hakuliona katika mzazi.

Katika mambo ya hati mafunzo yalikuja kwa njia ya uchungu zaidi. Zamani katika nchi nyingi jina la mtoto liliandikwa ndani ya pasi ya baba au mama, na mtoto hakuweza kuvuka mpaka isipokuwa pamoja na mwenye pasi. Desturi hiyo iliachwa kidogo kidogo, mojawapo ya sababu ikiwa ni kuzuia wizi wa watoto. Tangu Juni 2012 nchi za Umoja wa Ulaya zinataka kila mtoto awe na pasi yake mwenyewe. Afrika ya Kusini ilikwenda mbali zaidi: tangu tarehe 1 Juni 2015 iliwataka wanaosafiri na watoto waonyeshe cheti kamili cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili. Shabaha ilikuwa njema, lakini familia ambazo hazikuwa na cheti cha namna hiyo zilizuiwa viwanjani, mizigo mikononi na watoto mabegani, mpaka masharti yakalegezwa kwa wageni mwaka 2019. Mwezi wa Agosti 2006 nako Uingereza, baada ya kugunduliwa njama ya kulipua ndege kwa vimiminika, mama aliyechukua maziwa ya mtoto aliamriwa ayaonje kwanza mbele ya walinzi. Katika mambo hayo yote mtoto alikuwa ameanza kutazamwa kama mtu kamili: ana jina lake, ana pasi yake, na chupa yake hukaguliwa.

Jambo moja tu halikubadilika, nalo ni kiti. Tarehe 19 Julai 1989 ndege ya DC-10 katika safari namba 232 ya United Airlines, iliyokuwa ikitoka Denver kwenda Chicago, ilivunjikiwa na injini ya mkiani, na vipande vyake vikakata mirija ya mafuta yanayoendesha usukani. Marubani walijitahidi kuifikisha Sioux City, ambako ilianguka uwanjani. Katika watu 296 walikufa 112. Ndani yake walikuwamo watoto wanne wa kupakatwa. Jan Brown, mkuu wa wahudumu, alifuata maelekezo ya wakati ule akawaambia wazazi wawalaze watoto sakafuni, miguuni pao, na kuwazungushia vitu laini. Kila abiria mwingine alikuwa amefungwa mkanda. Mmoja katika watoto wale wanne alikufa. Hapana nguvu ya mikono iwezayo kushindana na mshtuko wa namna hiyo, kwani chombo kikizuiwa ghafla kwa nguvu iliyo mara 9 ya uzito, mtoto wa kilo 10 humvuta ampakataye kama mzigo wa kilo 90. Jan Brown alitumia miaka mingi ya maisha yake kudai kila mtoto apewe kiti na mkanda wake.

Mwaka 1990 bodi ya Marekani inayochunguza ajali ilipendekeza jambo hilo liwe sheria. Idara ya usafiri wa anga ya nchi hiyo ililipima, na mwaka 2005 ikatangaza kuwa haitaliamuru. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Ilisema kuwa nauli ya kiti cha mtoto ingewafanya wazazi wengi waache ndege na kusafiri kwa motokaa, na kwa kuwa barabara huua watu wengi kupita anga, watoto wengi zaidi wangekufa. Katika Ulaya mtoto wa kupakatwa hufungwa kwa mkanda mdogo unaoshikizwa kwenye mkanda wa mzazi. Katika Marekani mkanda huo umekatazwa wakati wa kuruka na kutua, kwa hofu ya kumwumiza mtoto. Mtoto mmoja, kwa hiyo, akibadili ndege njiani, yaweza kumpasa afungwe katika ndege moja na afunguliwe katika nyingine.

Hoja ya motokaa ina nguvu baina ya Denver na Chicago. Baina ya Dar es Salaam na London nguvu yake hupungua sana, kwani hapana barabara ambayo mzazi ataichagua badala ya ndege. Kwa msafiri wa ng'ambo swali hubaki la fedha peke yake: nani atalipia kiti cha mtoto, mzazi, shirika, au abiria wote kwa kugawana? Swali hilo ni gumu, hasa kwa familia ya kipato kidogo inayokwenda kwa masomo au matibabu, na sheria itakayoandikwa bila ya kuwafikiria hao itawazuia kusafiri tu. Lakini ugumu wa kulijibu si sababu ya kuliacha bila jibu.

Mtoto afungwapo katika kiti chake hulia, na mzazi humwonea huruma akamfungua ampakate. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Mbeleko ilimfaa mtoto alipochukuliwa kwa mwendo wa miguu. Katika chombo kiendacho zaidi ya kilomita 800 kwa saa yampasa apate kiti na mkanda wake, kama apatavyo kila aliyeketi kando yake.