Magobori yaliyogeuzwa Martini: Dosari za silaha katika filamu za kihistoria

MTAZAMAJI asiye na ujuzi wa silaha huenda asitambue kasoro yoyote katika filamu ya 'Zulu', iliyoelekezwa na Cy Endfield na kutolewa mwaka 1964. Filamu hiyo yasimulia mapigano ya Rorke's Drift, Natal, Januari 22 na 23, 1879, ambapo askari wa Uingereza wapatao 150 walikabiliana na Wazulu zaidi ya 3,000.

Bunduki rasmi ya Waingereza enzi hizo ilikuwa Martini-Henry, iliyoidhinishwa mwaka 1871. Ilibeba risasi moja tu: askari alishusha wenzo ulio nyuma ya kifyatulio, ganda likachomoka, akatia risasi nyingine. Filamuni, wengi wanayo. Hata hivyo, anayetazama kwa makini atawaona baadhi yao wameshika Lee-Enfield, bunduki ya komeo yenye kubeba risasi kadhaa, ambayo jeshi hilo liliipokea mwaka 1895. Bastola za maafisa nazo ni Webley za muundo wa 1915! Luteni Chard, anayeigizwa na Stanley Baker, anapigana basi kwa silaha ya Vita Vikuu vya Kwanza.

Makosa ya aina hii si ya ujinga daima. Bunduki za kale ni adimu, na waigizaji wanapokuwa mamia, fundi wa silaha hugawa alichonacho ghalani. Katika 'Raiders of the Lost Ark' (1981), hadithi ni ya 1936 ilhali Wajerumani wamebeba MP40. Jina lenyewe latoboa siri.

Kosa la mwendelezo ni jingine. Kwa kuwa matukio hupigwa picha bila kufuata mpangilio wa hadithi, bastola ya risasi sita hufyatuka mara nane, na jeraha huhama shavu. Ndiyo maana huwapo karani maalumu wa kunakili kila kitu kilivyokuwa.

Lakini dosari nzito zaidi ya 'Zulu' haionekani kwa macho. Wazulu wanaofyatua risasi kutoka mlimani wanadaiwa kutumia Martini-Henry walizoteka Isandlwana mapema siku hiyo. Ukweli ni kwamba vikosi vilivyofika Rorke's Drift, chini ya Mwanamfalme Dabulamanzi, vilikuwa vya akiba na havikushiriki kuteka kambi ile. Bunduki zao zilikuwa magobori makuukuu, ya kushindiliwa baruti mdomoni mwa mtutu, na wengi walitegemea mkuki mfupi na ngao. Waingereza 17 walikufa. Maiti za Wazulu zilizohesabiwa zilipita 350. Filamu yaonyesha usawa wa silaha ambao haukuwapo. Tena Mfalme Cetshwayo aliigizwa na Mangosuthu Buthelezi, ambaye Cetshwayo alikuwa babu ya mama yake.

Kwetu Kenya, 'The Ghost and the Darkness' (1996), inayohusu simba wala watu wa Tsavo wa 1898, ilipatia jambo moja: bunduki ya kuazima inayogoma kulia simba akiwa karibu. Kisa hicho kimo katika kitabu cha Patterson mwenyewe, cha 1907. Simba ndio waliokosewa. Wa filamuni, iliyopigwa Afrika Kusini, wana manyoya marefu shingoni. Wa Tsavo hawakuwa nayo, kama wanavyoonekana hadi leo katika makavazi ya Field, Chicago.