Barafu ya Kibo na Siasa za Tabianchi

Mara tatu Mlima Kilimanjaro umeitwa kutoa ushahidi katika mabishano ya watu walio mbali nao. Mei 1848 mmishenari Johannes Rebmann aliuona weupe wa Kibo. Kiongozi wake aliuita baridi tu. Huko London William Cooley, mwanajiografia asiyepata kufika Afrika, alikana kwamba theluji yaweza kudumu karibu na ikweta. Ubishi wa kwanza, basi, ulikuwa juu ya kuwapo kwa barafu.

Wa pili ulikuwa juu ya kutoweka kwake. Mataifa yalikwisha kutia saini mkataba wa tabianchi huko Rio de Janeiro mwaka 1992, na mwaka 1997 itifaki ya Kyoto ikayapa mataifa tajiri mzigo wa kupunguza hewa chafu. Mwaka 2002 Lonnie Thompson na wenzake walieleza kwamba barafu iliyoenea kilometa za mraba 12 mwaka 1912 ilikuwa imebaki chini ya 3, wakabashiri kwamba itakwisha kati ya 2015 na 2020. Haikukwisha. Filamu ya Al Gore ya mwaka 2006 iliutumia mlima kama kielelezo. Mwaka uliofuata jaji mmoja wa London, ingawa hakukana kwamba dunia inapata joto, alisema haijathibitika kuwa binadamu ndiye sababu kuu ya kupungua kwa theluji hiyo.

Wakati huo wote wenyeji hawakuulizwa. Maji ya mifongo, yaani mifereji waliyoichimba mababu wa Wachaga, hutoka hasa katika mvua na ukungu unaonaswa na msitu. Ya barafu ni kidogo mno. Moto umeushusha mpaka wa juu wa msitu huo, na shoka limeupunguza chini. Mwaka 2005 msitu ulitiwa ndani ya Hifadhi ya Taifa.

Ubishi wa tatu ni wa malipo. Huko Copenhagen mwaka 2009 mataifa tajiri yaliahidi dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020, ahadi iliyochelewa. Na Sharm el-Sheikh mwaka 2022 ilikubaliwa kuundwa mfuko wa hasara. Hapo ndipo mkulima wa Mkuu, upande wa Rombo wenye mito michache, anapohusika. Hasara ikipimwa kwa barafu inayopigwa picha na wageni, hatapata kitu. Yafaa ipimwe kwa msitu na kwa maji yafikayo mgombani.