Ubini na Historia katika Mombasa Bara: Changamwe, Likoni na Frere Town

Majina ya watu ni sehemu ya msamiati ambayo wanaisimu wengi huiacha pembezoni. Neno la kawaida hupewa maana yake, asili yake na historia yake. Jina la mtu huhesabiwa kuwa alama tu ya kumtambulisha mwenyewe. Hata linapochunguzwa, aghalabu huchukuliwa kuwa ushahidi wa kabila: mwenye ubini fulani husemwa kuwa wa watu fulani. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo haitoshi. Katika maeneo ya Mombasa yaliyo nje ya kisiwa, yaani Changamwe upande wa magharibi, Likoni upande wa kusini na Kisauni upande wa kaskazini, ubini hausemi tu mtu ametoka wapi. Husema pia ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kumwita.

Tuanze na Changamwe. Waswahili wa Mombasa tangu zamani hujihesabu kuwa Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili, yaliyogawanyika katika makundi mawili. Thalatha Taifa ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Tisa Taifa ni Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Wapaza, Washaka, Wagunya na Wakatwa. Ni dhahiri kwamba mengi ya majina haya ni majina ya mahali, na kwamba baadhi ya mahali hapo pamo katika bara hii hii tunayoizungumza. Watu waliohamia kisiwani walilichukua jina la walikotoka likawa ndilo jina la taifa lao.

Jina la taifa liligeuzwa kuwa ubini kwa njia ya nisba ya Kiarabu. Kutokana na Changamwe hupatikana al-Changamwi: irabu ya mwisho huondoka, na kiambishi cha nisba hushika nafasi yake. Kilindini hakihitaji kubadilika sana, kwa kuwa kiambishi cha mahali -ni chenyewe huishia kwa irabu hiyo hiyo ya nisba. Hivyo neno la Kibantu huvaa vazi la Kiarabu bila kushonewa upya. Lakini nisba haikuishia kwenye mahali pa karibu. Muyaka bin Haji, malenga mashuhuri wa Mombasa aliyefariki yapata mwaka 1840, anajulikana kwa nisba ya al-Ghassaniy, ambayo huelekeza macho Uarabuni. Nisba moja humfunga mtu na ng'ambo ya kivuko, nyingine humfunga na ng'ambo ya bahari. Zote mbili zilikuwa hati ya uungwana. Asiyekuwa na taifa la kumpokea hakuwa na nisba ya kuitamka.

Likoni inatoa somo jingine. Wadigo, ambao ni wenyeji wa pwani hiyo ya kusini, kwa mila zao za kale walihesabu urithi kwa upande wa mama: mali ilitoka kwa mjomba ikaenda kwa mpwa. Uislamu ulipoenea miongoni mwao, ulikuja na kanuni ya mirathi inayomtambua mtoto wa mwenye mali, na pamoja nayo ukaja mtindo wa kumwita mtu kwa neno bin au binti na jina la baba. Tangu hapo jina na mila vilianza kusema mambo mawili. Tuchukue mfano wa mtu aitwaye Bakari bin Juma. Jina lake linamtaja baba tu; ukoo wa mama, ambao kwa mila ndio uliompa haki katika minazi ya mjomba, haumo. Anayesoma jina hilo katika hati humwona mjomba na mpwa kama watu baki, maana bini zao hazilingani. Kwa hiyo mtindo wa majina haukuwa pambo. Ulikuwa upande mmoja katika mabishano ya mirathi, na upande huo ndio uliokubaliwa na kalamu ya karani.

Mfano mzito zaidi upo Kisauni. Mwaka 1873 Sir Bartle Frere, aliyepata kuwa gavana wa Bombay, alitumwa Unguja na serikali ya Uingereza ili kumshawishi Sultani Barghash akomeshe biashara ya watumwa baharini. Mkataba ulitiwa sahihi mwezi wa Juni mwaka huo huo. Manowari za Kiingereza zilipoyakamata majahazi, ilibidi patafutwe mahali pa kuwaweka waliokombolewa. Mwaka 1875 misheni ya CMS, chini ya uongozi wa W. S. Price, ilianzisha makazi katika ardhi ya Kisauni, yakaitwa Frere Town. Kengele iliyowekwa hapo imeacha jina la Kengeleni hata leo.

Waliokaa Frere Town walikuwa wa namna mbili. Wa kwanza walikuwa Waafrika wapatao 150 waliorudi kutoka India, ambako walifikishwa utotoni baada ya kukombolewa, wakalelewa katika kituo cha misheni karibu na Nasik. Hawa walirudi na bini za Kizungu: Jones, David, Semler, Deimler, Wainwright, Wellington. Baadhi ya majina haya yana historia inayofuatika. Deimler ni jina la mmisionari Mjerumani wa CMS aliyefika Mombasa katika miaka ya 1850 kisha akahamia Bombay. Likabebwa na Mwafrika likarudi pwani lilikopita. Matthew Wellington, mmoja wa waliouchukua mwili wa David Livingstone hadi pwani, alizaliwa Myao akaitwa Chengwimbe. Alifariki mwaka 1935, na ni kwa jina la Wellington kwamba dunia ilimkumbuka.

Ni kosa, hata hivyo, kuwadhania watu hawa kuwa vivuli vya waliowapa majina. William Jones na Ishmael Semler walipewa ushemasi na Askofu Hannington mwaka 1885. Jones huyo huyo, akiwa Rabai, aliwapokea watumwa watoro waliokimbia mashamba ya pwani, jambo lililowatia wakubwa wa misheni katika matata na wenye watumwa. Tarehe 1 Januari 1889 ndipo watoro zaidi ya 1,400 walipopewa hati za uhuru baada ya mabwana wao kulipwa fidia. Jina la Jones halina asili yo yote katika Afrika. Lakini maana iliyolipata Rabai haimo katika kamusi ya Kiingereza.

Kundi la pili ni wale walioshushwa moja kwa moja kutoka majahazini. Majina yao yalikuwa na tabaka juu ya tabaka. Mfano ulio wazi ni wa James Juma Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichotolewa mwaka 1934. James ni jina la ubatizo. Juma ni jina la pwani, la siku ya juma, la aina waliyokuwa nayo waungwana na watumwa pia. Mbotela ni jina la baba yake, mtu aliyetekwa bara na kukombolewa baharini. Wakati wengine walichukua bini za wafadhili, ukoo huu ulilifanya jina la mateka mwenyewe kuwa chanzo cha ubini. Jina hilo halikupotea: msikilizaji wa redio nchini Kenya alilisikia kwa miaka mingi kwa Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji mzaliwa wa Frere Town, aliyefariki mwaka 2025.

Uzito wa jambo hili ulionekana zaidi serikali ya kikoloni ilipoanza kuwaandikisha Waafrika kwa kipande, kwa amri ya 1915 iliyotekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Karani aliuliza jina, jina la baba na kabila. Mchangamwe aliweza kujibu kwa nisba, na Mdigo kwa baba yake. Mtu wa Frere Town aliulizwa swali ambalo utumwa ulikuwa umekwisha kulifuta jibu lake. Katika nchi ambamo ardhi na heshima vilitolewa kwa kufuata kabila, kukosa jibu hilo kulikuwa hasara ya kweli, wala si upungufu wa fomu.

Kutokana na mifano hii mitatu, mtafiti wa majina hana budi kujihadhari. Nisba ya al-Changamwi ni dai la kupokewa. Bin ya Likoni ni hukumu ya mirathi. Ubini wa Frere Town ni kumbukumbu ya kutekwa na ya kuanza upya. Anayeyakusanya majina kwa orodha tu, akayagawa kwa makabila, atawapa wengine asili wasiyokuwa nayo na kuwanyima wengine waliyo nayo. Na kwa upande wa lugha, majina ya aina ya Chengwimbe na Mbotela ni miongoni mwa maneno machache ya bara yaliyovuka utumwa yakafika Kisauni yakiwa mazima. Yanastahili kuandikwa pamoja na habari za watu walioyabeba, kwa kuwa familia nyingine hazina hati nyingine ya walikotoka.