Mwanamichezo Mbele ya Hakimu: Adhabu, Maslaha na Jezi ya Taifa

Agosti 2019, mahakama ya Milimani jijini Nairobi iliwahukumu wachezaji wawili wa raga kifungo cha miaka 15 kila mmoja kwa kosa la kumbaka mwanamke kwa pamoja. Miaka hiyo ndiyo kima cha chini kabisa katika kifungu cha 10 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006. Cha juu ni kifungo cha maisha. Baadaye Mahakama Kuu iliifuta hukumu hiyo na kuamuru kesi isikizwe upya, ndiyo sababu siwataji majina. Ninachokichunguza hapa ni namna tunavyozijadili kesi za aina hii.

Katika Mji wa Kale wa Mombasa, kesi kubwa husikizwa mara ya pili barazani. Mtaa wenyewe umezoea mambo ya sheria: jengo la mahakama ya zamani ni jirani wa Fort Jesus, na ngome hiyo Waingereza waliigeuza jela tangu 1895 hadi 1958. Muuza kahawa akishapita na dele lake, hoja hujitokeza kwa sura mbili. Wa kwanza husema kijana ameharibiwa maisha, kwani miaka 15 ni umri wote wa mchezo. Wa pili husema angeongezewa, maana alikuwa kioo cha watoto wetu. Nadai kwamba wote wawili wamekosea, tena kosa lao ni moja: kila mmoja anamhukumu mtu kwa jezi aliyoivaa, badala ya tendo alilolitenda.

Tuanze na huyo wa kwanza, kwa kuwa ndiye mwenye wafuasi wengi. Ni kweli umri wa mchezo ni mfupi. Lakini hamali wa Bandari ya Kale naye mtaji wake ni mgongo. Akifungwa na miaka 25 akatoka na 40, mzigo aliokuwa akiupandisha ngazi kwa pumzi moja hataubeba tena. Sijasikia wakili akimwambia hakimu ampunguzie hamali kwa sababu mgongo wake una muda maalumu. Huruma hii tumeiwekea mshahara: kadiri mtu alivyokuwa akilipwa, ndivyo tunavyohesabu amepoteza zaidi, na ndivyo tunavyotaka afungwe kidogo.

Kesi ya mwanariadha Oscar Pistorius wa Afrika Kusini inaonyesha huruma hiyo inavyoweza kupanda hadi kwenye kiti cha jaji. Alimpiga risasi mpenzi wake, Reeva Steenkamp, na kumuua usiku wa kuamkia tarehe 14 Februari 2013. Mwaka 2014 Jaji Thokozile Masipa alimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, akampa miaka 5. Desemba 2015 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba yalikuwa mauaji ya kukusudia, kosa ambalo kima chake cha chini huko ni miaka 15. Hata hivyo, Julai 2016 jaji yuleyule alimpa miaka 6, akitaja miongoni mwa sababu zake kwamba huyu ni shujaa aliyeanguka, aliyepoteza kazi na kufilisika. Iliwabidi majaji wa rufaa waingilie tena Novemba 2017, wakapandisha kifungo hadi miaka 13 na miezi 5. Januari 2024 aliachiliwa kwa masharti. Mtu anaweza kusema haki ilifika mwishowe. Ilifika, ila ilichukua rufaa mbili kuiondoa medali kwenye hesabu.

Huyo wa pili barazani, mtetezi wa kioo cha jamii, ana nusu ya haki. Zipo kesi ambazo umaarufu ni chombo cha kosa: kocha anayemdhulumu msichana anayemfundisha ametumia cheo chake kumfikia, na hapo hakimu ana kila sababu ya kuongeza adhabu, kwa kuwa kuvunja amana ni sehemu ya tendo. Bali mchezaji aliyempiga mkewe nyumbani hakumpiga kwa jezi. Kumwongezea miaka ili watoto wa mtaani wapate funzo ni kumtoza deni ambalo jirani yake, kwa kipigo kilekile, hatozwi. Ibara ya 27 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inasema kila mtu ni sawa mbele ya sheria. Usawa huo humlinda pia asiyependwa.

Hata hivyo, mwanya mkubwa hauko kwa jaji. Uko kabla ya kumfikia. Samuel Wanjiru, Mkenya wa kwanza kushinda dhahabu ya marathoni ya Olimpiki, mjini Beijing 2008, alishtakiwa mwishoni mwa 2010 kwa kutishia kumuua mkewe na kwa kumiliki bunduki kinyume cha sheria. Mke akaondoa malalamiko, wakapatana. Mei 2011 Wanjiru aliaga dunia Nyahururu baada ya kuanguka kutoka kwenye roshani ya nyumba yake, akiwa na miaka 24. Sijui adhabu ipi ingemfaa. Najua tu kwamba tishio la kuua lilimalizwa kifamilia na hakuna hakimu aliyelipima.

Pwani tuna jina la umaliziaji huo: maslaha. Mwaka 2013, Mahakama Kuu ya Nairobi iliruhusu shtaka la mauaji dhidi ya Mohamed Abdow Mohamed liondolewe baada ya familia mbili kupatana na fidia kulipwa, kwa kuegemea Ibara ya 159 inayozitambua njia za kijadi za kusuluhisha migogoro. Siidharau mila hii. Imezima visasi vingi ambavyo polisi wasingeviweza. Lakini kwa mtu maarufu maslaha hupinda, kwa sababu pande mbili hazikai mkekani zikiwa na uzito mmoja: upande mmoja una pesa, mashabiki na wakubwa wanaopiga simu. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai yenyewe, katika kifungu cha 176, inahimiza upatanisho kwa makosa madogo tu. Na wanaotaja dini kutetea maombezi wakumbuke kisa ambacho kila mtoto wa chuo Mji wa Kale amekisoma: mwanamke wa ukoo mtukufu wa Makhzum aliiba, jamaa zake wakamtuma Usama bin Zayd amwombee, naye Mtume akakasirika kwa maombezi hayo.

Oktoba 2021, Agnes Tirop, aliyekuwa ameweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 ya mbio za wanawake pekee mwezi mmoja tu kabla, alikutwa ameuawa nyumbani Iten. Siku iliyofuata mumewe alikamatwa Changamwe, ng'ambo ya Makupa; baadaye alikana shtaka. Taifa zima lilidai sheria ifuate mkondo wake. Ni dai lilelile ninalolitaka siku ambayo mwenye medali ndiye atakayekuwa kizimbani.

Umaarufu una mahali pawili tu pa kuhesabiwa. Pa kwanza ni fidia. Aliyevuna mamilioni na alipe kwa kadiri ya uwezo wake, juu ya kifungo, si badala yake. Pa pili ni jezi ya taifa, na hapa vyama vya michezo vimelala. Anayekutwa na pufya kwa makusudi hupigwa marufuku miaka 4 kwa kanuni iliyoandikwa. Kwa jinai nzito, uamuzi mara nyingi huachiwa viongozi wa siku hiyo. Steven van de Velde wa Uholanzi, aliyefungwa mwaka 2016 kwa kumbaka mtoto wa miaka 12, alicheza voliboli ya ufukweni katika Olimpiki ya Paris 2024, akizomewa. Aliyemaliza kifungo ana haki ya kufanya kazi, hata kucheza klabu itakayomtaka. Kuiwakilisha nchi si kazi. Ni heshima, na heshima haidaiwi.

Riadha Kenya, shirikisho la kandanda na chama cha raga waandike kanuni ya namna hiyo kwa jinai nzito sasa, kabla ya kesi ijayo: mwenye shtaka zito asimame kando ya timu ya taifa bila kuhesabiwa mkosaji hadi mahakama iamue, na akishahukumiwa kwa kuua au kubaka asiivae tena jezi ya nchi. Kanuni ikiandikwa wakati jina la mtu fulani liko magazetini, itaandikwa kwa ajili yake au dhidi yake.