Muziki wa Kiwandani na Nyimbo za Shambani

Vijana wakifungulia hevi metali kwenye simu, watu wazima hapa kambini husema ni kelele za mashetani. Mimi nafanya kazi na vijana hao, na naona historia ya kelele hizo inatuhusu.

Muziki huu ulianzia kazini. Mwaka 1965, mjini Birmingham, Uingereza, kijana wa miaka 17, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwanda cha mabati. Ilikuwa siku yake ya mwisho pale. Gita hakuliacha. Aliyeyusha chupa ya plastiki, akatengeneza vikofia vya vidole, akafunga nyuzi nyembamba, na baadaye akazilegeza. Sauti ikawa nzito. Februari 1970 kundi lake, Black Sabbath, likatoa albamu ya kwanza.

Tangu hapo kila mahali wameubadilisha. Miaka ya 1980 Metallica na wenzao wa Marekani waliuongeza kasi. Botswana wakauvalisha ngozi na kofia za wachunga ng'ombe. Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu wakaunda Duma, yaani giza kwa Kikuyu, wakautia midundo ya kompyuta. Albamu yao ilitolewa mwaka 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Mwaka 2024 Khanja, ajiitaye Lord Spikeheart, akatoa *The Adept* kumuenzi nyanya wa mzazi wake, Muthoni wa Kirima, jemadari wa Mau Mau.

Black Sabbath walipiga onyesho lao la mwisho Birmingham, Julai 2025. Mwimbaji wao, Ozzy Osbourne, alifariki mwezi huohuo. Muziki haukuzikwa naye, maana ulikuwa umeshashikwa na watu ambao kile kiwanda hawajakiona.

Sasa tujiangalie. Sisi Wabajuni, wa Lamu hadi Kismayo, tunao vave, nyimbo za wakulima zilizoimbwa usiku wa kuamkia kuchoma shamba jipya. Hapa hakuna msitu wa kufyeka. Wapo wazee wasemao vave bila shamba si vave. Kwa heshima zote, wazee wangu, tukingoja shamba, wajuzi watatuishia.

Basi imbeni, vijana wawarekodi kwa simu. Wakitaka kutia gita, waacheni watie. Nanyi ndugu wa mashirika, kabla ya semina nyingine, tuleteeni kinasa sauti kizuri.