Jozi za kati: mtihani wa wachezaji wa poka mashindanoni

KATIKA mchezo wa poka wa aina ya Texas Hold'em, zipo karata ambazo hazimsumbui mchezaji. Akipata ree mbili ataongeza dau, na akipata 7 na 2 atazitupa bila kujuta. Karata zinazowatoa wengi mashindanoni ni zile zilizo katikati, yaani jozi za 7, 8, 9 na 10, ambazo hujulikana kama jozi za kati.

Katika mchezo huo kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Kisha karata tano hufunguliwa mezani: kwanza tatu kwa pamoja, halafu moja, na hatimaye ya mwisho. Mshindi ni mwenye karata tano bora, au yule anayebaki peke yake baada ya wenzake kutupa zao. Uwezekano wa kupewa jozi yoyote ni mara 1 katika kila migao 17. Kwa jozi za kati pekee, ni takriban mara 1 katika migao 55.

Kabla ya karata za mezani kufunguliwa, jozi ya kati ina nguvu ya kutosha. Jozi ya 8 ikipambana na ree na mfalme hushinda kwa takriban asilimia 55. Ikikutana na jozi ndogo zaidi, hushinda kama mara nne kati ya tano. Hata hivyo, ikikutana na jozi kubwa kuliko yenyewe, mambo hugeuka na hushinda mara moja tu kati ya tano.

Ugumu huanza meza inapofunguliwa. Mwenye jozi ya 10 huona angalau karata moja kubwa kuliko zake, yaani ghulamu, malkia, mfalme au ree, katika karata tatu za mwanzo kwa karibu asilimia 70. Kwa jozi ya 9 ni asilimia 79, kwa jozi ya 8 ni 87 na kwa jozi ya 7 ni 92. Wakati huohuo, uwezekano wa kupata karata ya tatu inayofanana na jozi yake hapo mezani ni karibu asilimia 12 tu.

Katika mchezo wa kawaida wa fedha, anayepoteza anaweza kutoa nyingine mfukoni na kuendelea. Katika mashindano mengi, sarafu za kuchezea zikishamalizika mchezaji ametoka. Aidha, madau ya lazima hupanda kila baada ya muda, hivyo anayesubiri karata kubwa tu huliwa polepole. Na anayeweka sarafu zote kila apatapo jozi naye hafiki mbali: uwezekano wa kushinda mara tatu mfululizo kwa asilimia 55 kila mara ni chini ya asilimia 17.

Ndiyo maana wachezaji wazoefu hupima kwanza wingi wa sarafu zao kwa kulinganisha na dau kubwa la lazima. Mwenye sarafu zinazotosha madau 40 au zaidi hufuata dau la mwenzake kwa gharama ndogo, akitarajia karata ya tatu. Asipoipata na meza ikajaa karata kubwa, hutupa mapema. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kwamba mpinzani awe na sarafu zisizopungua mara 15 ya gharama ya kufuata, la sivyo faida haitafidia mara nyingi za kukosa.

Mwenye madau kati ya 20 na 30 huwa katika hali ngumu zaidi. Kufuata kila mara humpunguza, na kuongeza dau humweka hatarini. Hapo hutazama nafasi yake mezani na tabia ya aliyeongeza dau. Mchezaji mtulivu akiongeza akiwa wa kwanza kucheza, huenda ana jozi kubwa, na jozi ya 7 haina kazi hapo. Lakini kwa mwenye madau chini ya 15, ikiwa hakuna aliyeongeza dau kabla yake, jozi ya kati ni nafasi nzuri ya kuweka sarafu zote. Wengi watatupa karata zao, na atakayefuata huenda asiwe na jozi kubwa.

Mfano maarufu ni wa fainali kuu ya Mashindano ya Dunia ya Poka (WSOP) ya mwaka 2003 mjini Las Vegas, Marekani. Walipobaki wachezaji 10, Phil Ivey alikuwa na jozi ya 9 dhidi ya ree na malkia za Chris Moneymaker. Meza ilifunguka malkia wawili na 6, kisha ikaja 9 iliyomrudisha Ivey mbele. Moneymaker alibakiwa na karata 7 za kumwokoa kati ya 44. Karata ya mwisho ikawa ree. Ivey alitoka wa 10, na Moneymaker akaibuka bingwa kwa dola milioni 2.5.

Mwaka 2006, mkono wa mwisho ulimkuta Paul Wasicka na jozi ya 10, huku Jamie Gold akiwa na malkia na 9. Meza ilipofunguka malkia, 8 na 5, Wasicka aliweka sarafu zote na kushindwa. Gold alipata dola milioni 12, Wasicka zaidi kidogo ya milioni 6.

Uamuzi huwa mgumu zaidi pale wanapobaki wachezaji wachache kabla ya kufikia nafasi za zawadi. Ikiwa zawadi ni za watu 100 na wamebaki 101, mwenye sarafu za wastani anaweza kutupa jozi ya 9 mbele ya tajiri wa meza aliyeweka zote, hata akiamini anaongoza. Sarafu atakazoshinda zitamwongezea thamani kidogo. Atakazopoteza ndizo zote alizonazo.